Hekta 22 za Tope: Kisa cha Bandari ya Sheerness



Wengi wetu tunaoishi Uingereza tumewahi kununua gari lililoshushwa bandarini, na baadhi yetu tumewahi kupakia gari melini likaenda Mombasa au Dar es Salaam. Tukilisubiri huuliza nauli ya meli, ushuru na tarehe ya kufika. Hatuulizi lilikuwa limesimama juu ya nini.

Kaskazini ya Kent kuna kisiwa kiitwacho Sheppey. Hapo ndipo mto Medway unapotoka kukutana na Thames, na hapo ndipo ilipo bandari ya Sheerness. Pembeni mwa gati, upande wa mto, pana uwanja mpana uliofukiwa na kusawazishwa kwa ajili ya shughuli za bandari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na uwanja. Palikuwa na tope. Maji yakijaa lilifunikwa, yakipwa lilifunuka, na ndege wa pwani walishuka kula. Jina lake Lappel Bank, na ukubwa wake hekta 22, yaani kama viwanja 30 vya mpira wa miguu.

Tumeona tuwasimulie kisa cha tope hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kesi yake ilifika mpaka mahakama kuu ya Ulaya, na ikabadilisha namna vibali vya magati vinavyotolewa. Ya pili ni kwamba sisi tuliozaliwa kando ya mikoko tuna letu ndani yake, na tutalifikia.

Karakana ya manowari

Sheerness haikuanza kama bandari ya biashara. Mwaka 1665, Uingereza ikiwa vitani na Waholanzi, palichaguliwa mahali hapo pajengwe karakana ya manowari. Samuel Pepys, yule ofisa wa idara ya majini aliyekuja kujulikana kwa shajara yake, alikwenda mwenyewe kupapima. Haikupita hata miaka miwili, Juni 1667, Waholanzi wakaiteka ngome ya Sheerness, wakapanda mto Medway na kuchoma meli za mfalme. Waingereza hawajaisahau aibu ile.

Mwanzoni mwa karne ya 19 karakana ilijengwa upya kwa michoro ya mhandisi mashuhuri John Rennie. Ardhi ilikuwa laini mno, na kuta zikawekwa juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa chini kwa wingi. Sisi wa fani hii tukiitazama kazi ile tunamvulia kofia. Lakini tujue pia kwamba tangu siku za mwanzo kila aliyejenga Sheerness alipigana na tope, na kila aliyeshinda alihesabiwa kuwa shujaa.

Mwaka 1960 jeshi la majini lilifunga karakana. Mji ulioishi kwa mwajiri mmoja ukaamka hauna mwajiri, na watu kwa maelfu wakakosa kazi. Bandari ya biashara ikaanzishwa palepale, ikaleta magari, matunda na karatasi, na ikakua. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa bandari ya 5 kwa ukubwa wa shehena nchini Uingereza. Sehemu yenyewe bado ilikuwa na shida kubwa ya ajira, na bandari ilikuwa tegemeo la nyumba nyingi. Basi bandari ilipotaka nafasi zaidi ya kuweka magari na kuyafanyia kazi kabla hayajauzwa, ili iweze kushindana na bandari za ng'ambo ya bahari, hayakuwa matakwa ya uroho. Na nafasi ya kupanukia ilikuwa moja tu, nayo ni Lappel Bank.

Tope lina kazi gani?

Hapa tuungame jambo. Tulipokuwa vijana, tumetoka chuoni na shahada mkononi, tulifanya kazi katika ofisi ya uhandisi ambayo hatutaitaja. Tulipewa kuchora upanuzi wa gati moja la mtoni. Katika mchoro wetu nchi kavu tuliipaka rangi, kina cha maji tukakiandikia namba, na lile tope lililo katikati tukaliacha jeupe. Kwenye mkutano na wenyeji alisimama mama mmoja mtu mzima, darubini inaning'inia shingoni, akauliza: "Hapo peupe pana nini?" Tukamjibu kwa adabu kwamba hapana kitu. Akasema: "Njooni asubuhi, maji yakiwa yamepwa."

Tulikwenda, zaidi kwa haya kuliko kwa hamu. Ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio. Tuliyoyaona tungepaswa kuyajua tangu utoto, maana tumekulia pwani ambako akina mama huteremka na ndoo maji yakipwa, kutafuta chaza na pweza. Tope lilikuwa limejaa ndege, kila aina na mdomo wake: mfupi wa kuokota juu, wa wastani wa kuchokoa, mrefu uliopinda wa kuzamisha mpaka kwenye mashimo ya minyoo. Chini ya kila hatua ya kiatu mna konokono wadogo kama punje za mtama, minyoo na kaa. Hiyo ni ghala ya chakula inayofunguliwa mara mbili kila siku na kufungwa mara mbili. Ndege aliyeruka kutoka kaskazini ya mbali hana ghala nyingine ya kumvusha msimu wa baridi.

Mto Medway una ghala kubwa ya namna hiyo. Eneo la mlango wake pamoja na vinamasi vyake lililokuja kulindwa ni hekta 4,681. Wamo bata bukini wa kaskazini, na wamo wale ndege weupe wenye mabaka meusi na mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, ambao hutaga humo. Lappel Bank ilikuwa chini ya sehemu 1 katika 200 ya eneo lote. Lakini baadhi ya aina za ndege zilionekana hapo kwa wingi kuliko kwingineko katika mto huo, na wataalamu walisema likiondoka tope lile, huenda idadi ya ndege wa mto mzima itapungua.

Mstari wa waziri

Mwaka 1979 Jumuiya ya Ulaya ilitunga sheria ya kulinda ndege wa porini. Kila nchi mwanachama ilitakiwa kuchagua maeneo yanayowafaa ndege zaidi na kuyawekea ulinzi maalumu. Mwaka 1992 ikaja sheria ya pili, ya makazi ya viumbe, iliyoeleza nini kifanyike mtu akitaka kujenga ndani ya eneo kama hilo.

Tarehe 15 Desemba 1993 Waziri wa Mazingira wa Uingereza alitangaza ulinzi wa mlango wa mto Medway na vinamasi vyake. Siku hiyohiyo aliitoa Lappel Bank nje ya mpaka. Hakusema kwamba haina ndege. Alisema kwamba haja ya bandari kuendelea, na faida yake kwa uchumi wa sehemu ile na wa nchi, ni kubwa kuliko thamani ya tope. Kwa maneno mengine, kibali cha kujenga kilipewa njia kwa kuuzungusha mstari wa ramani.

Jumuiya ya Kifalme ya Kulinda Ndege ilikwenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: sheria imemtaka waziri atazame ndege anapochora mpaka, haikumtaka atazame fedha. Mwaka 1994 jumuiya ilishindwa katika mahakama ya kwanza, ikashindwa tena kwenye rufaa. Februari 1995 shauri likafika kwa malodi, ambao wakati huo ndio waliokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza. Malodi wakaona swali ni la sheria ya Ulaya, wakalipeleka Luxembourg.

Na hapo ndipo penye fundo la kisa hiki. Jumuiya iliomba kwamba wakati jibu linasubiriwa, tope lisiguswe. Mahakama ikakataa. Sababu mojawapo ni kwamba anayeomba kazi ya mwenzake isimamishwe hutakiwa kutoa ahadi ya kulipa hasara iwapo mwishowe ataonekana hakuwa na haki. Kazi ya bandari ikisimama miezi na miaka, hasara yake ni fedha nyingi sana. Jumuiya inayoishi kwa michango ya wanachama haikutoa ahadi hiyo, na kazi ikaendelea.

Sisi tunajua kazi hiyo inavyokwenda. Unazungushia tope tuta la mawe, unajaza mchanga, unaweka mifereji ya kutoa maji yaliyonaswa chini, unaongeza uzito juu, kisha unasubiri ardhi ishuke na kukaza. Baadaye lami. Kila siku inayopita tope linazidi kuwa nchi kavu, na hakuna mashine ya kurudisha nyuma.

Tarehe 11 Julai 1996 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu yake: nchi haina ruhusa ya kutazama faida za kiuchumi inapochagua eneo la ulinzi na kuchora mpaka wake. Hoja za uchumi zina mahali pake, lakini ni baadaye, pale mradi unapoletwa na kupimwa. Waziri alikuwa amekosea, na jumuiya ya ndege ilikuwa imeshinda.

Lakini ushindi haukuwa na pa kutua, kwa sababu Lappel Bank ilikuwa imekwisha kufukiwa. Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Milango mitano

Tusidhani hata hivyo kwamba hukumu ile ilikuwa karatasi tupu. Wenye magati wengi tunaokutana nao hulalamika kwamba vibali vya siku hizi ni mateso. Huwa tunawaeleza kwamba kibali cha kujenga gati kwenye kinamasi kinacholindwa ni nyumba yenye milango mitano, na kila mlango una sababu yake.

Mlango wa kwanza: je, mradi unaweza kuligusa eneo kwa kiasi cha maana? Kama hauwezi, pita. Wa pili: ukipimwa kwa kina, je, wataalamu wana hakika kwamba hautaliharibu? Mwaka 2004, katika kesi ya uvuvi kwenye bahari ya Wadden huko Uholanzi, mahakama ileile ya Ulaya ilisema kwamba ikibaki shaka ya kisayansi yenye msingi, kibali kisitolewe. Wa tatu: kama utaharibu, je, hakuna njia nyingine, mahali pengine, au muundo mwingine wa gati? Wa nne: kama hakuna, je, pana haja kubwa ya umma inayolazimisha? Hapa sasa ndipo uchumi na ajira vinapopewa kiti. Wa tano: makazi yanayopotea yafidiwe kwa makazi mengine. Uingereza imetoka katika Umoja wa Ulaya tangu 2020, lakini ngazi hizi zimebaki katika kanuni zake.

Milango hiyo imetumika. Wenye bandari ya Southampton walitaka kujenga gati la makontena Dibden Bay, ng'ambo ya maji kutoka bandari yao. Uchunguzi wa hadhara ulichukua zaidi ya mwaka, na Aprili 2004 serikali ikakataa. Kwa upande mwingine, bandari mpya ya London Gateway kwenye mto Thames, ambayo ndugu zetu wa Ghuba wataijua kwa sababu ni ya DP World ya Dubai, ilikubaliwa mwaka 2007 na kupokea meli zake za kwanza Novemba 2013. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2010, ukuta wa bahari ulivunjwa pale Stanford Wharf ili maji yaingie na tope jipya lianze kukua. Mmoja alikataliwa na mwingine akakubaliwa. Hiyo ndiyo dalili ya mizani inayopima. Mizani inayosema ndiyo kila siku si mizani.

Fidia ya Wallasea

Na Lappel Bank ilifidiwa vipi? Serikali ilitafuta mashamba ya zamani yaliyokuwa yamenyang'anywa bahari, ikayapata katika kisiwa cha Wallasea, Essex, kati ya mito Crouch na Roach. Tarehe 4 Julai 2006 matingatinga yalikata ukuta wa bahari, na maji yakaingia kwenye hekta 115. Gharama ilikuwa pauni milioni 7.5. Fidia hiyo ilikuwa kwa ajili ya Lappel Bank na tope jingine la Fagbury, lililomezwa na bandari ya Felixstowe kwenye mto Orwell. Baadaye jumuiya ileile ya ndege iliendeleza kazi kisiwani humo, na zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli ya Crossrail chini ya London zilipelekwa huko kuinua ardhi.

Wallasea ni kazi nzuri, na ndege wamekuja. Lakini tuhesabu kama wahandisi. Toka mstari wa waziri mpaka ukuta kukatwa ni zaidi ya miaka 12. Ndege hula kila siku, hawana benki ya kukopa. Huko Cardiff, Wales, ghuba ilipofungwa kwa ukuta mwaka 1999 na tope lake kuzama moja kwa moja, watafiti waliwafuatilia ndege wadogo wenye miguu myekundu waliohamia mto wa jirani. Walikonda, na waliosalia hai mwaka hata mwaka walipungua. Tulizoea kusema kwamba ndege ana mabawa, atakwenda kwingine. Ni kweli atakwenda, lakini huko kwingine anakuta wenyewe wamekwisha kaa mezani.

Tena fidia imewekwa Essex, na aliyekuwa akitembea ukutani Sheerness kuwatazama ndege wake hakufidiwa chochote. Wala hatusemi mfanyakazi wa bandari angefukuzwa kazi ili ndege wale. Tunasema kwamba pande zote mbili zilistahili kupimwa kwanza, kisha ndipo tope liguswe. Kosa la 1993 halikuwa kuchagua bandari. Huenda mizani ingepimwa sawasawa bandari ingepita, kama London Gateway ilivyopita baadaye. Kosa lilikuwa kuupindisha mpaka ili pasiwe na haja ya kupima.

Mikoko yetu

Sasa tufike kwetu. Mwezi Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, kwenye ghuba ya Manda. Kuna mikoko, kuna matumbawe, kuna watu wanaovua kwa madema na mishipi kama babu zao. Wenyeji walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, pamoja na haki ya mazingira safi, ya utamaduni wao, na ya kuelezwa na kusikilizwa kabla ya mradi. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini uchimbaji wa kina cha maji haukusubiri hukumu, na mwezi Mei 2021 gati la kwanza lilifunguliwa.

Bila shaka mmeiona sura ya Lappel Bank humo. Kule jaji alisema kweli baada ya tope kufukiwa. Huku jaji alisema kweli baada ya bahari kuchimbwa. Nchi mbili, sheria mbili, na kosa ni lile lile la saa: kazi ya mashine inatangulia, kazi ya mizani inafuata.

Hatuandiki haya ili kupinga bandari. Sisi ni watu wa bandari. Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa zisingekuwepo bila majahazi, na wengi wetu tusingekuwa hapa tulipo. Sisi wenyewe mkate wetu umetoka kwenye magati. Tunaandika kwa sababu baadhi ya vijana wetu wanaosoma uhandisi Leeds, Muscat na Houston ndio watakaoitwa kesho kuchora gati la Tanga au la Mtwara, na wazee wao ndio watakaopigiwa simu kuulizwa kama mradi ni wa kheri.

Kwa hao vijana tuna neno moja. Mtakapoletewa ramani yenye sehemu nyeupe kati ya maji na nchi kavu, msiandike gati juu yake kabla hamjashuka chini, viatu mkononi, maji yakiwa yamepwa. Muulizeni mvuvi, na muulizeni mama mwenye ndoo, wakati kalamu ingali ya risasi. Na kwa wazee: mkisikia kesi iko mahakamani, ulizeni pia kama mashine zimesimama. Watu wa Sheppey walijua jibu la swali hilo mwaka 1996, na watu wa Lamu wakalijua mwaka 2018.

Yule mama mwenye darubini hatukumwona tena baada ya mradi ule. Gati letu mwishowe lilijengwa, fupi kuliko tulivyolichora mwanzo, na limeinuliwa juu ya nguzo ili tope libaki chini yake. Lilichelewa mwaka mmoja na nusu, na wakubwa walinung'unika. Tukipita njia ile maji yakiwa yamepwa huwa tunasimamisha gari na kutazama. Ndege wangalipo.